Walichora vita vya Rustam, majina yao hayapo

Ukipita Kasulu au Kibondo ukakuta bango la kinyozi lililochorwa kwa mkono, angalia kona ya chini. Mara nyingi fundi kaacha jina na namba ya simu. Sasa wale waliochora kitabu cha kifalme cha Uajemi, yaani Iran ya leo, wengi wao hawakuacha kitu.

Kitabu chenyewe ni Shahnama, utenzi wa wafalme na mashujaa ambao Firdausi aliumaliza mwaka 1010. Ni kama Utenzi wa Tambuka ulioandikwa Pate mwaka 1728, ila wetu hauna picha. Miaka ya 1520, mjini Tabriz, karakana ya mfalme ikaanza kutengeneza nakala moja ya hatari: karatasi 759, picha 258. Mafundi walisaga mawe kupata rangi. Buluu ilitokana na jiwe la Afghanistan, na dhahabu ilikuwa dhahabu kweli.

Vita vyao noma. Farasi wamerundikana, vichwa vinaruka, halafu pembeni maua yamechanua kama hakuna kilichotokea. Rustam humtafuti: kofia yake ni kichwa cha chui, kavaa ngozi ya mnyama, na farasi wake Rakhsh ana madoa. Stori inayouma zaidi ni ile anapopigana na kijana Sohrab. Anamchoma kisu, ndipo anaona mkononi mwake kito alichomwachia mama wa kijana. Kaua mwanawe.

Mwaka 1568 kitabu kilipelekwa zawadi kwa Sultani Selim wa Pili wa Uturuki. Baadaye kikaibukia Ulaya, na mwaka 1959 tajiri wa Marekani, Arthur Houghton, akakinunua. Jamaa akakichambua karatasi moja moja! Picha 78 akalipa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, nyingine zikaingia sokoni. Mwaka 2011 karatasi moja tu iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 7. Utajiri wa watu kadhaa, kwa kazi ya fundi ambaye hakusaini.

Houghton alipofariki, zilibaki picha 118. Mwaka 1994, uwanja wa ndege wa Vienna, Iran ilizichukua na kutoa mchoro mmoja wa mwanamke, kazi ya Willem de Kooning. Huyo anajulikana. Kwa zile 118, wataalamu wamekaa miaka wakilinganisha nyuso, miamba na farasi ili wakisie nani alichora ipi.