Pikipiki ya Bwana Shamba

Pikipiki ina tukio moja kubwa katika historia ya kona hii ya kusini magharibi, na wanahistoria hulitaja kwa mstari mmoja. Tarehe 13 Novemba 1918, siku mbili baada ya vita kusimama Ulaya, Jenerali von Lettow-Vorbeck alikuwa bado vitani upande wa Kasama, Zambia ya leo. Habari za amani zilimfikia kutoka kwa mwendesha pikipiki wa Kiingereza aliyekamatwa njiani na ujumbe wake. Tarehe 25 akasalimu amri Mbala, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Ufipa. Vitabuni jenerali yupo, bunduki zilizokabidhiwa zipo. Pikipiki haijapata hata sentensi ya pili.

Niliikumbuka tulipokuwa tunafungua nyingine, isiyo na vita wala jenerali. Ilikaa miaka mingi kwenye stoo ya mahindi nyumbani kwa marehemu baba mdogo, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga: Honda CG125, tenki limebonyea, kiti kimeliwa na panya. Mwanawe mkubwa alishaongea na wanunuzi wa chuma chakavu. Mama mdogo akakataa. "Hiyo imewasomesha," alisema, akarudi jikoni.

Honda iliitoa CG125 mwaka 1976. Kabla ya hapo wahandisi wake walikuwa wamekwenda kuangalia watu wa nchi zinazoendelea wanavyotumia pikipiki, wakakuta mizigo mizito, oili isiyobadilishwa, filta isiyosafishwa. Basi wakaachana na kamshafti ya juu na kamnyororo kake, wakarudi kwenye fito za chuma zinazosukuma vali kutoka chini. Kamshafti yenyewe ina nundu moja tu, inafungua vali zote mbili. Cheni wakaifunika mwanzo hadi mwisho. Yaani ni injini iliyobuniwa ikijua kwamba itapuuzwa, na mimi naona huo ni unyenyekevu mkubwa kwa kiwanda.

Ilikuja kwetu wakati wake. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, na muda si mrefu ukahesabiwa pamoja na Mbeya, Iringa na Ruvuma kati ya mikoa minne ya kulisha taifa mahindi. Mahindi yalihitaji mbegu na mbolea, na vyote vilihitaji bwana shamba wa kufika Laela, Mpui na Matai kwa barabara za udongo. Baba mdogo alikuwa mmoja wao. Halafu ikaja miaka ya 80, fedha za kigeni hakuna, spea hakuna. Pedali yake ya kulia ya kukanyagia haikutoka Japani: ni kipande cha chuma kilichofuliwa kijijini, kizito, na alama za nyundo bado unazisoma kwa kidole.

Tuliiosha kwa mafuta ya taa siku mbili. Pistoni ilikuwa imeganda kwenye silinda, tukaiachia oili ndani wiki nzima mpaka ikakubali. Spea hazikutusumbua, na hapo ndipo mambo yanapochekesha. Pikipiki nyingi za Kichina zilizoleta bodaboda zina injini iliyonakiliwa kutoka hiyo hiyo CG. Ringi, gasketi na sahani za klachi tulizipata sokoni Sumbawanga, zikakaa. Mtoto amerudi kumvisha mzee nguo.

Ugomvi ulianzia kwenye kabureta. Binamu yangu, aliyejifunza ufundi Dar es Salaam, alikuta jeti ndogo kuliko inayotajwa kwenye kitabu, akataka kuweka ya kitabu. Sasa, Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi; ukiweka jeti ya pwani, petroli inazidi hewa, plagi inakuwa nyeusi kama chungu na mlima haupandiki. Ile jeti ndogo haikuwa uchakachuaji. Baba mdogo, au fundi wake, aliifundisha mashine ya Kijapani kupumua Ufipa.

Ndiyo maana neno "orijino" linanipa shida. Wapenzi wa vyombo vya zamani hutaka kukirudisha chombo siku kilipotoka kiwandani. Kwa hii CG, hiyo ni siku ambayo ilikuwa bado haijatufahamu. Ukitupa ile pedali, umetupa ushahidi wa namna watu walivyovuka miaka ya 80, na ushahidi wa mikono pia. Wafipa waliyeyusha chuma kwenye malungu, tanuru ndefu za udongo zilizovuta hewa zenyewe bila mifuo, kisha wakakisafisha mara ya pili kwenye tanuru ndogo. R. Wise aliandika juu ya kazi hiyo katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1958. Sidai kwamba aliyefua pedali alirithi malungu. Nasema tu kwamba eneo hili halikusubiri Honda ndipo lijue chuma.

Binamu alishinda kwenye kiti na taa, vyote vipya. Mimi na mama mdogo tulishinda kwenye pedali, jeti na tenki, ambalo limebaki na bonyeo lake na rangi iliyofifia. Iliwaka kiki ya kumi na moja, ikatoa moshi wa bluu, kuku wakatawanyika. Mwezi ujao binamu anataka kushuka nayo Kasanga, ziwani, zaidi ya mita 1,000 chini yetu. Jeti ya kitabu ameiweka mfukoni.