Ganzi na Maumivu ya Mtoto: Songea na Ulimwengu
Mwaka 1898, wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani walipoanzisha misheni ya Peramiho, karibu na Songea, daktari August Bier wa Kiel, katika nchi hiyohiyo, alidunga kokeini kwenye uti wa mgongo na kufungua njia ya ganzi ya uti wa mgongo, aina ya ganzi ya sehemu, yaani ganzi inayozima hisia za eneo moja la mwili bila kumlaza mgonjwa usingizi. Watoto walikuwamo miongoni mwa wagonjwa wake wa kwanza. Hata hivyo, kwa miongo mingi maumivu yao yalipuuzwa, kwa kuwa madaktari wengi waliamini kwamba mishipa ya fahamu ya kichanga haijakomaa kiasi cha kuhisi, imani iliyopingwa kwa nguvu na uchambuzi wa watafiti Anand na Hickey mwaka 1987.

Katika jando la Wayao wa Tunduru, mkoani Ruvuma, uvumilivu wa mvulana ulihesabiwa kuwa sehemu ya mafunzo. Lakini mtoto anayepasuliwa ngiri hana funzo lolote la kupata katika maumivu. Sindano ya kaudali, ambayo daktari Meredith Campbell aliieleza kwa watoto mwaka 1933, hupenyezwa kwenye uwazi wa mfupa ulio chini ya kiuno, na ikiwa na dawa ya bupivakaini humtuliza kwa saa kadhaa baada ya upasuaji. Wazazi wa Songea waiulizie mapema.