Penye Wengi Pana Mengi: Watazamaji wa Ireland na Hukumu Zao juu ya The Late Late Show

Utangulizi

Tarehe 6 Julai 1962 televisheni ya taifa ya Ireland, iliyokuwa na umri wa miezi sita tu, ilianzisha kipindi cha mazungumzo cha usiku ili kujaza ratiba ya majira ya kiangazi. Kipindi hicho, The Late Late Show, kingali hewani zaidi ya miaka 60 baadaye, na ni miongoni mwa vipindi vya aina yake vilivyodumu muda mrefu zaidi duniani. Gay Byrne alikiendesha, ukiacha muda mfupi aliokaa kando, hadi mwaka 1999. Akafuatiwa na Pat Kenny hadi 2009, Ryan Tubridy hadi 2023, na sasa Patrick Kielty.

Katika muda wote huo watazamaji hawakuwahi kukubaliana juu yake. Wako wanaoamini kuwa kipindi hicho kiliwafungua macho wananchi. Wako wanaoamini kuwa kiliporomosha maadili na heshima ya dini. Kundi la tatu linasema kilikuwa burudani ya mwisho wa wiki tu, na kwamba wanahistoria wamekitwisha uzito usiokistahili. Makala haya yanadai kwamba makundi yote matatu yanapima kitu kisichopimika kwa urahisi, yaani athari ya kipindi katika nafsi za watu. Kinachoweza kuchunguzwa, na chenye thamani zaidi, ni ubishi wenyewe: watazamaji walibishana juu ya nini, na ni mazingira gani yaliyouwezesha ubishi huo.

Askofu na gauni la kulalia

Tukio linalotajwa mara nyingi zaidi ni la Februari 1966. Katika mchezo mmoja wa studioni, mume na mke waliulizwa kila mmoja peke yake mke alivaa gauni la kulalia la rangi gani usiku wa harusi yao. Mke alijibu kwa utani kwamba huenda hakuvaa lolote. Kesho yake Askofu Thomas Ryan wa Clonfert alikilaani kipindi mimbarani katika mji wa Loughrea, na magazeti yakaibeba habari hiyo nchi nzima. Byrne alilazimika kutoa taarifa ya kuomba radhi.

Msomaji wa leo hushawishika kuliona tukio hili kama pambano kati ya Kanisa na televisheni. Barua zilizomiminika magazetini zinaonyesha picha pana zaidi. Wapo waliomuunga mkono askofu, lakini wapo Wakatoliki wengi waliosema waziwazi kwamba askofu amelikuza jambo dogo na kujifedhehesha. Ikumbukwe kwamba wakati huo takriban asilimia 95 ya wananchi wa Jamhuri ya Ireland walikuwa Wakatoliki. Askofu Mkuu wa Dublin, John Charles McQuaid, wa Shirika la Roho Mtakatifu, alikuwa na sauti kubwa katika mambo ya nchi. Katika jamii ya namna hiyo, muumini kumpinga askofu gazetini lilikuwa jambo zito kuliko jibu la mwanamke yule studioni. Mzaha ulisahaulika upesi. Kilichobaki ni kwamba waumini waligundua hawakuwa na fikra moja kama walivyodhaniwa.

Mwaka huo huo mwanafunzi wa chuo kikuu alimtukana Askofu Michael Browne wa Galway hewani, na lawama zikazuka upya. Mbunge Oliver J. Flanagan naye anakumbukwa kwa kauli yake kwamba Ireland haikuwa na ngono kabla ya televisheni. Watu wameicheka kauli hiyo kwa miongo mingi. Hata hivyo, ndani yake mna hoja inayostahili kusikilizwa. Flanagan hakuwa mjinga wa maisha ya ndoa. Alichokililia ni mpaka kati ya yanayotendwa faraghani na yanayotamkwa hadharani, na aliona sawasawa kwamba mpaka huo ulikuwa umevunjwa. Watazamaji waliokichukia kipindi waliuelewa uwezo wake vizuri kuliko wale waliokiita burudani tu.

Masharti ya ubishi

Kwa nini kipindi kimoja kiliweza kuigawa nchi namna hiyo? Kuna sababu nne, na zote zinahusu mfumo wa utangazaji kuliko kipaji cha mtu mmoja.

Kwanza, hadi mwaka 1978 Ireland ilikuwa na chaneli moja tu ya kwake. Wakazi wa mashariki na wa mpakani walinasa matangazo ya Uingereza, lakini sehemu kubwa ya nchi haikuwa na chaguo jingine. Mkulima, padri na mwalimu waliona jambo moja saa ile ile. Pili, kipindi kilirushwa mubashara, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kukata neno lililokwisha kutamkwa. Tatu, orodha ya wageni haikutangazwa mapema. Aliyesubiri mwimbaji alilazimika kumsikiliza mwanaharakati pia. Nne, Byrne alikuwa mtangazaji na mtayarishaji kwa pamoja, hivyo uamuzi wa nani aalikwe na mjadala uendelee hadi wapi ulikuwa mikononi mwake.

Machi 1971 masharti haya yote yalionekana yakifanya kazi. Wanaharakati wa ukombozi wa wanawake walipewa studio. Miongoni mwao alikuwamo Seneta Mary Robinson, aliyekuja kuwa Rais wa nchi mwaka 1990. Wakati ule mwanamke aliyeajiriwa serikalini alitakiwa kuacha kazi akiolewa, na uuzaji wa vidhibiti mimba ulikuwa umepigwa marufuku tangu mwaka 1935. Mjadala ulichacha kiasi kwamba mwanasiasa Garret FitzGerald, aliyekuwa akitazama nyumbani, alifika studioni usiku ule ule kuwatetea wabunge. Mwezi uliofuata zaidi ya watu 1,000 walihudhuria mkutano wa wanawake jijini Dublin. Sharti la kuacha kazi baada ya ndoa liliondolewa mwaka 1973. Hatuwezi kusema kipindi ndicho kilicholiondoa. Mapambano yalikuwa ya wanawake wenyewe. Tunaweza kusema kwamba baada ya usiku ule hakuna mbunge aliyeweza kudai hajui wanalotaka.

Mtangazaji akihukumiwa

Ubishi haukuwa wa mada tu. Aprili 1993 Byrne alimhoji Annie Murphy, mama wa mtoto wa Askofu Eamonn Casey, ambaye alikuwa amejiuzulu mwaka uliotangulia baada ya siri yake kufichuka. Byrne alihitimisha kwa kusema kwamba mtoto akiwa nusu tu ya wema wa baba yake hatakuwa amepungukiwa. Murphy akajibu kwamba hata yeye si mbaya, akainuka na kuondoka. Baadhi ya watazamaji walimwona Byrne akimlinda rafiki. Wengine walisema mwanamke yule alistahili maswali magumu.

Oktoba 1994, wiki chache baada ya kundi lenye silaha la IRA kusitisha mapigano, Byrne alikataa kumpa mkono Gerry Adams, kiongozi wa chama cha Sinn Féin, na kumweka mbele ya wapinzani wake kadhaa. Kwa waliofiwa katika vita vya Ireland ya Kaskazini, hiyo ilikuwa heshima kwa marehemu. Wengine waliona mgeni ameonewa, na wakamhurumia kuliko walivyotarajia.

Hapa mtafiti anapaswa kuwa mwangalifu. Barua na simu hutoka kwa waliokasirika au waliofurahi kupita kiasi. Mtazamaji aliyebadili mawazo kimyakimya jikoni kwake hakumwandikia mtu. Anayehesabu barua na kuita hesabu hiyo maoni ya umma anapotosha historia.

Zama mpya

Malalamiko ya leo ni kwamba kipindi kimepoa: wageni wanakuja kunadi vitabu na filamu, na maswali ni laini. Kila mtangazaji aliyemfuata Byrne amelinganishwa naye na kuonekana pungufu. Ulinganisho huo si wa haki. Kenny, Tubridy na Kielty wamefanya kazi katika nchi yenye chaneli nyingi, simu za mkononi na sheria zilizokwisha kubadilika: talaka iliruhusiwa kwa kura ya 1995, ndoa za jinsia moja mwaka 2015, utoaji mimba mwaka 2018. Yaliyokuwa mwiko studioni sasa yamo katika katiba.

Sehemu ya ubishi imehamia kwenye fedha. Juni 2023 shirika la utangazaji, RTÉ, lilikiri kwamba malipo ya Tubridy kati ya 2017 na 2022 yalizidi kiasi kilichotangazwa kwa euro 345,000. Kwa kuwa kila nyumba yenye televisheni inadaiwa ada ya euro 160 kwa mwaka, wananchi wengi waligoma kulipa. Huu nao ni ubishi halali, tena muhimu, kwa maana unahusu uaminifu wa chombo cha umma. Lakini unawahusisha watazamaji kama walipaji, ilhali ule wa 1966 na 1971 uliwahusisha kama raia.

Hitimisho

The Late Late Show haikuibadili Ireland peke yake, wala haikuiharibu. Iliwapa wananchi jambo moja la kubishania kwa wakati mmoja, mbele ya wote, bila kujua mapema nani atashinda. Hiyo ni kazi ya umma, na soko peke yake halina sababu ya kuifanya. Wanaoendesha televisheni za taifa, popote walipo, wasiogope kipindi kinachowagawa watazamaji. Waogope kile kinachopita bila mtu kukizungumza asubuhi yake. Nasi tunaochunguza vyombo vya habari tuzihifadhi barua na kumbukumbu za watazamaji kabla hazijatupwa, kwani bila hizo historia ya utangazaji itabaki kuwa historia ya watangazaji tu.