Karatasi ya Mogadishu

Ndugu msikilizaji, ukimtajia mtu vita vya Kagera atakueleza habari za mwaka 1978 na 1979: nduli Idi Amin, daraja la Kyaka, na Kampala kuanguka tarehe 11 Aprili 1979. Ni wachache watakaokukumbusha kwamba miaka sita kabla ya hapo Tanzania na Uganda zilikwisha kufika ukingoni mwa vita, zikarudishwa nyuma na karatasi moja iliyotiwa saini Mogadishu. Wiki hii nataka tuitazame karatasi hiyo, maana naona haijatendewa haki.

Januari 1971 Amin alimpindua Milton Obote. Mwalimu Nyerere akampokea Obote Dar es Salaam na kukataa kuitambua serikali mpya ya Kampala. Tarehe 17 Septemba 1972 wafuasi wa Obote wenye silaha walivuka mpaka kwenda kumng'oa Amin. Tuseme kweli: safari hiyo waliotangulia kuvuka walitoka upande wetu. Walishindwa vibaya, na Amin akajibu kwa kutuma ndege kudondosha mabomu Bukoba na Mwanza. Raia wakalipia ugomvi wa wakubwa.

Hapo ndipo Rais Siad Barre wa Somalia alipoingia kati kusuluhisha. Tarehe 5 Oktoba 1972 makubaliano yakatiwa saini Mogadishu. Kila upande uliondoe jeshi lake umbali wa kilomita 10 kutoka mpakani, na Wasomali wawe waangalizi. Kila upande usiruhusu ardhi yake itumike kuishambulia nchi ya mwenzake. Na pande zote mbili ziache kutukanana redioni na magazetini.

Sharti hilo la mwisho linanigusa, kwa kuwa redio ndiyo kazi yangu. Wasuluhishi wa Mogadishu walijua kwamba askari hasogezwi mpakani mpaka wananchi wawe wamekwisha kuzoeshwa kumwona jirani kuwa si mtu. Kazi hiyo hufanywa na vipaza sauti, si mizinga. Ndiyo maana waliandika kuhusu vyote viwili katika karatasi ile ile.

Je, ilisaidia? Vita vilivyokuwa mlangoni mwaka 1972 havikuingia. Kwa miaka sita mkulima wa Kagera alilima na kuvuna. Lakini kiini cha ugomvi hakikuguswa. Obote alibaki Dar es Salaam. Nyerere alikataa kuketi na Amin katika baraza la wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya yenyewe ikafa mwaka 1977. Mwaka 1975 Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ulipofanya mkutano wake Kampala, Tanzania haikwenda. Amin naye hakuacha kuutolea macho mpaka ule ulionyooka tuliorithi kutoka kwa wakoloni, akitaka mto Kagera ndio uwe mpaka.

Na msuluhishi? Mwaka 1977 Siad Barre mwenyewe alipeleka majeshi Ogaden kuivamia jirani yake Ethiopia, na Machi 1978 akarudi ameshindwa. Mganga alikuwa ameugua ugonjwa ule ule aliokuwa akiutibu. Basi Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalipovuka mpaka, na siku chache baadaye Amin akatangaza kuwa eneo lote la kaskazini mwa mto ni lake, Mogadishu haikuwa tena mahali pa kukimbilia. OAU ilitaka mapigano yasitishwe. Nyerere alitaka kwanza mvamizi alaaniwe, na laana hiyo haikutoka. Yaliyofuata tunayajua.

Wapo wasemao kwamba mwisho huo wathibitisha kuwa karatasi ya Mogadishu haikuwa na maana. Mimi siafiki. Aliyekuja kuzima moto wa paa halaumiwi kwa kuwa wenye nyumba hawakujenga upya. Makubaliano ya aina ile ni mkopo wa muda. Mkopeshaji hutoa siku, miezi, pengine miaka. Ni juu ya waliokopeshwa kuitumia kumaliza deni lenyewe. Sisi na Uganda tulikopeshwa miaka sita. Tuliitumia kununiana.

Leo malori hupita Mutukula mchana na usiku, na maofisa wa nchi mbili hukagua hati za wasafiri chini ya paa moja. Mstari wa mpaka haukusogea hata hatua moja. Kilichobadilika ni kwamba wakubwa wa pande mbili huketi meza moja na kusema yanayowaudhi. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukisikia popote duniani majirani wawili wametia saini kurudisha majeshi nyuma, furahi, kisha uulize: je, wameanza kuzungumza lile lililowafikisha hapo?