Visima vya Majumbani na Sheria ya Afya: Historia Fupi ya Pwani Yetu



Katika taarifa ya kila mwaka ni desturi kuhesabu fedha zilizoingia na zilizotoka. Nawaomba safari hii tuhesabu pia mali nyingine tuliyorithi, ambayo haimo katika daftari la mweka hazina, nayo ni maji yaliyo chini ya nyua zetu. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mvua inyeshayo huteremka katika nyufa za mwamba huo na kukusanyika chini, na huko ndiko wazee wetu walikoyafuata maji kwa sururu na kamba. Kisima ni cha aliyekichimba, wala hilo halina ubishi. Lakini maji hayajui mpaka wa kiwanja, na neno hili moja ndilo asili ya sheria zote zitakazotajwa hapa.

Kabla ya kuja sheria za Serikali, pwani ilikuwa na kanuni zake. Fikihi ya Kiislamu hukipa kisima harimu yake, yaani eneo la kukizunguka ambalo mtu mwingine hana ruhusa ya kulichimba akakidhuru. Katika majumba ya kale ya Lamu, samaki wadogo waliwekwa ndani ya birika za maji ili wale viluwiluwi vya mbu. Kazi hiyo ilifanyika bila askari na bila faini, kwa kuwa kila mwenye nyumba aliona faida yake. Tena magofu ya Gedi, ambayo Bwana James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, yanatuonyesha visima virefu misikitini na majumbani. Mji ule ulihamwa katika karne ya 17, na wako wataalamu wanaodhani kwamba kushuka kwa maji ya visima kulikuwa mojawapo ya sababu.

Katika karne ya 19 kipindupindu kilipiga pwani hii zaidi ya mara moja. Dakta James Christie, aliyekuwako Unguja wakati wa maradhi ya 1869 na 1870, aliandika kitabu juu ya msiba huo, kikachapwa mwaka 1876. Wakati huo watu wa Ulaya nao walikuwa wamekwisha kuonja uchungu huo huo. Huko London mwaka 1854, katika mtaa wa Broad Street, watu zaidi ya 600 walikufa kwa muda mfupi. Dakta John Snow aliandika mahali palipotokea kila kifo, akaona kwamba wengi walikunywa maji ya kisima kimoja chenye pampu, na kwa shauri lake mpini wa pampu ile ukaondolewa. Baadaye ilionekana kwamba shimo la uchafu la nyumba ya jirani lilikuwa karibu sana na kisima kile, na kuta zake zikivuja. Maji yale yalisifiwa kwa utamu na weupe wake. Basi macho na ulimi havitoshi kuwa mashahidi wa usafi wa maji.

Kwa sababu ya misiba ya namna hiyo, sheria ya Uingereza ya mwaka 1875 iliruhusu mahakama kuamuru kisima chenye maji machafu kifungwe, kiwe cha umma au cha mtu binafsi. Fikira hiyo ilifika kwetu katika Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1921, ambayo ingali ikitumika Kenya pamoja na marekebisho yake. Mambo yake makubwa juu ya visima ni matatu. Kwanza, kisima ambacho maji yake hunywewa, kikiwa kimechafuka hata kuweza kudhuru, huhesabiwa kuwa udhia, ingawa kimo ndani ya ua wa mtu, na mwenyewe huweza kuamriwa auondoe. Pili, kisima, pipa na tangi sharti vifunikwe mbu wasiingie. Tatu, mamlaka ya mji ina wajibu wa kuyalinda maji ya watu yasichafuliwe.

Wengi hulikumbuka jambo la kwanza na la pili, kwa kuwa Bwana Afya alipobisha hodi aliuliza habari za kifuniko. Jambo la tatu husahauliwa upesi, nalo ndilo lenye uzito. Mtu aliyeamriwa kufunga kisima, naye hana mfereji, ameamriwa anunue maji kwa mwenye mkokoteni, au achote kwa siri usiku. Amri ya kufunga haina haki mpaka ifuatane na maji mengine.

Maji hayo mengine yalikuja polepole. Mapema katika karne ya 20 yaliletwa maji ya chemchemi za Marere kutoka milima ya Shimba. Mwaka 1957 yakafika maji ya Mzima, kutoka Tsavo, kwa bomba lenye urefu wa kilomita zipatazo 220. Hapo watu wengi wakavidharau visima. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Katika hesabu ya watu ya 1969 Mombasa ilikuwa na watu 247,073. Katika ile ya 2019 walikuwa 1,208,333. Bomba halikukua kwa kadiri hiyo, na mifereji ikawa ya zamu. Basi Kisauni, Likoni na kwingineko watu wamevirudia visima, huku vyoo vya shimo na mashimo ya maji machafu yakiwa yamejengwa karibu navyo. Uchunguzi wa wataalamu huko Kisauni umeonyesha uchafu wa vyoo ndani ya maji ya visima.

Mbu naye hakutusahau. Mwaka 2004, wakati wa ukame, Lamu ilipatwa na homa ya chikungunya, na wachunguzi walionelea kwamba mbu walizaliana katika maji yaliyowekwa majumbani siku nyingi. Homa hiyo ikafika Mombasa mwaka huo huo. Wazee wenye samaki katika birika walikuwa na hekima ambayo wajukuu tumeipoteza.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na huduma za maji zimewekwa mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hiyo wajibu una pande mbili. Upande wetu, kila mwenye kisima akijengee ukingo na sakafu ya saruji, akifunike, awe na ndoo moja ya kuchotea isiyowekwa chini, na asichimbe choo jirani nacho. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni mita 30, lakini katika mwamba wetu wenye nyufa hata hizo hazitoi dhamana. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Upande wa kaunti, tudai maji ya visima yapimwe, matokeo yasomwe hadharani mtaani, na kisima kisifungwe kabla jirani zake hawajaonyeshwa watakapochota.

Naomba mambo hayo mawili yajadiliwe pamoja katika mkutano wetu mkuu. Tukidai haki huku visima vyetu vi wazi, hatutasikilizwa. Na tukivifunika tukanyamaza, tutabaki na vifuniko vizuri juu ya maji mabaya.