Samatta Kabla ya Wembley

Hapa Mwamapalala, Mbwana Samatta akitajwa, watu hukumbuka bao lake la kichwa pale Wembley, Machi 1, 2020. Aston Villa ilifungwa 2-1 na Manchester City, ila nani anakumbuka hilo?

Mimi huwarudisha Lubumbashi. Mwaka 2011 alitoka Simba kwenda TP Mazembe, kwenye jiji la Kongo ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni, akakaa karibu miaka mitano. Mwaka 2015 alifunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger, Mazembe ikawa bingwa wa Afrika. Genk ya Ubelgiji ilipomchukua Januari 2016, alikuwa ameshatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara.