Mwongozo wa Programu Huria na Mwanagenzi wa Ukambani

Mmisionari Krapf alifika Kitui mwaka 1849. Mwaka uliofuata msamiati wake wa lugha sita, Kikamba kikiwamo, ukachapishwa. Orodha hiyo ilimpa mgeni maneno, haikumfundisha kuyaunga. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao ulitanguliza orodha ya istilahi, na mwaka 2004 ukatoa Jambo OpenOffice, programu huria ya Kiswahili. Kazi hiyo yastahili sifa. Hata hivyo, mwanagenzi wa Kitui au Makueni aghalabu hujifunza Kiswahili baada ya Kikamba, na vitabu vyake vya shule husema tarakilishi pale Dar es Salaam isemapo kompyuta. Mwongozo wake hauna budi kufuata kazi aitakayo, yaani kuandika barua, kuihifadhi na kuichapa, kila istilahi ikielezwa inapotokea mara ya kwanza.